Kabla mtoto hajaenda jando, ulizia habari za wajomba zake: uzi wa vipimo vya damu kuganda

#1 Zamu ya Usiku

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Dodoma, mwaka wa 14 sasa nashika damu za watu. Likizo ya Juni imekaribia, na kuanzia Chamwino hadi Kondoa kuna nyumba zilizokwisha kutenga mbuzi wa jando. Naandika mapema ili mwenye mtoto apate wiki mbili tatu za kuulizia na kupima.

Kuna mtoto mmoja sitamsahau. Miaka saba, kutoka kijiji cha ndani huko. Mara ya kwanza mama yake alimleta kwa sababu ya jino la utoto lililong'oka. Damu haikumwagika, ilichuruzika tu, lakini ilichuruzika siku nne, na kila asubuhi mto ulikuwa umelowa. Fomu ilikuja maabara imeandikwa FBP, yaani hesabu ya chembe zote za damu, na PT, kipimo kimojawapo cha muda wa damu kuganda. FBP ilikuwa nzuri, chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, 287, na kiwango cha kawaida ni 150 hadi 400. PT sekunde 12.6, INR (PT hiyo hiyo kwenye hesabu ya pamoja ya maabara zote) 1.0. Nikasaini, karatasi ikarudi, mama akaambiwa mtoto hana tatizo la damu kuganda. Akaondoka na amani yake.

Juni mtoto akatahiriwa na wenzake. Usiku wa tatu wakamleta kwenye kanga mbili zilizokakamaa kwa damu kama ngozi mbichi iliyoanikwa. Hb, kipimo cha wingi wa damu, 4.1, yaani damu ilikuwa karibu kumwishia.

Usiku ule mashine kubwa ilikuwa imeharibika, nikapima APTT, kipimo kingine cha muda wa damu kuganda, kwa mkono kama tulivyofundishwa chuoni. Bafu la maji ya nyuzi 37, kijichupa cha glasi, plazma ya mtoto mililita 0.1, juu yake kitendanishi, dawa ya kupimia, kiasi hicho hicho, dakika tatu za kusubiri. Kisha unadondosha kalsiamu na kubonyeza saa. Hapo kazi yako ni kukiinamisha kijichupa taratibu, kukirudisha kwenye maji, kukiinamisha tena, macho kwenye taa, unatafuta ule utando mwembamba kama wa uji unaoanza kupoa. Plazma ya mtu mwenye afya niliyoipima sambamba iliganda sekunde ya 31. Ya mtoto ikapita 40. Ikapita 60. Bado inatembea kama maji. Iliganda sekunde ya 94, na bonge lenyewe legelege.

Nikachanganya plazma yake nusu na ya mwenye afya nusu, nikarudia. Sekunde 34. Maana yake kuna kitu kilichopungua kwa mtoto, na yule mwenye afya amemjazia. Kama mwilini mwake mngekuwa na kingamwili inayoshambulia protini za kugandisha damu, mchanganyiko nao ungechelewa, pengine baada ya kuuacha saa moja au mbili kwenye nyuzi 37.

Nilipotoka kumpelekea daktari majibu nikamkuta mama kwenye benchi la nje. Nikamuuliza kama kuna ndugu yake wa kiume aliyewahi kutoka damu hivi. Akanitazama akasema, "Kaka yangu alifia jando. Na mjomba wangu, mdogo wake mama, naye alifia huko huko." Ukoo ulisema kuna mwiko ulivunjwa. Tangu jino lile la kwanza hakuna aliyemuuliza swali hilo, nami nikiwemo. Sampuli ilipita dirishani kwangu na sikuuliza.

Mtoto alipona. Aliongezewa damu na plazma, akapelekwa Dar, huko wakapima fakta 8, mojawapo ya protini za kugandisha damu, ikaonekana iko chini ya asilimia 1 ya kawaida. Himofilia A, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, ile kali. Nitaeleza kwa nini PT yangu haikuiona. Ngoja nimalize zamu.

#2 Jicho la Mwewe

Mkuu pole kwa hilo. Lakini tusitishane. Sisi tumepita jando porini, kisu kimoja, majani na majivu, na tuko hapa. Ukiwaambia watu wapime kila mtoto, hela hiyo nani anayo?

#3 Mama wa Kibaigwa

Kaka Zamu ya Usiku, nimesoma hapo kwa wajomba nikaketi chini. Mwanangu ana miaka tisa. Akicheza mpira goti linavimba wiki nzima, linakuwa la moto, hakunji. Tunaambiwa baridi yabisi, anachomwa sindano ya makalio, na pale penye sindano panavimba pia. Mama yangu alizaa wavulana wawili. Mmoja yupo. Wa pili sikumuona, nasikia tu habari zake. Jando letu ni Juni 20. Nifanye nini?

#4 Zamu ya Usiku

Dada, naanza na wewe.

Sindano za makalio zisimame leo. Mtoto anayeshukiwa himofilia hachomwi kwenye msuli, damu inavujia ndani ya nyama. Akiumwa mpe parasetamo. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, hizo zinadhoofisha chembe sahani na kumuongezea kutoka damu. Goti likivimba: apumzike, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu uinuliwe. Na jando lisubiri. Mwambie baba yake na wazee kwamba linaahirishwa, wala halijafutwa. Hata mwenye himofilia hutahiriwa, ila hospitalini, akiwa amechomwa fakta kwanza.

Halafu nenda hospitali ya mkoa au ya kanda, uombe daktari aandike FBP, PT na APTT. Tamka hiyo ya tatu. Kabla ya kufunga safari piga simu uulize kama vitendanishi vya APTT vipo, maana huisha, na Kibaigwa si karibu.

Sasa kwa nini APTT. Damu ikitaka kuganda, protini hupokezana kazi kama watu wanaopitishiana ndoo za maji kisimani. Maabara tunaziita fakta, kila moja na namba yake. PT inaanzia njia ya fakta 7, kisha 10, 5, 2 hadi fibrinojeni, ule uzi wa bonge lenyewe. Fakta 8 na 9 haizigusi kabisa. Kwa hiyo mtoto asiye na fakta 8 hata chembe anatoa PT nzuri kama ya kwako. APTT inapita upande wa 12, 11, 9 na 8, kisha inamalizia kwa zile za pamoja. Himofilia A ni upungufu wa fakta 8, B ni wa fakta 9.

Ndugu Jicho la Mwewe, sijasema kila mtoto apimwe. Himofilia A ni takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, B ni adimu zaidi ya hapo. Kumpima mtoto asiye na historia yoyote kunazaa majibu ya kutatanisha kuliko msaada. Kinachotakiwa kwa kila mtoto ni maswali, na maswali hayana bei. Je, kitovu au jino lilitoka damu siku nyingi? Alipoanza kutambaa alikuwa na mavimbe ya bluu mwilini? Viungo vinavimba bila kuanguka? Na upande wa mama: kaka zake, wajomba zake, watoto wa dada zake, kuna aliyetoka damu hadi kufa? Upande wa mama nausisitiza kwa sababu kasoro hii inakaa kwenye kromosomu X. Mama mbebaji ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto wa kiume ugonjwa, na kila binti ubebaji. Baba mwenye himofilia hawapi wanawe wa kiume kabisa, ila mabinti wake wote ni wabebaji.

Waliopita porini tuko nao, mshukuru Mungu. Wale ambao hawakurudi hawawezi kuandika kwenye uzi huu.

#5 Jicho la Mwewe

Nimekuelewa mkuu. Hapo kwenye maswali sina ubishi. Babu yetu mmoja anasimuliwa hivyo hivyo, nami nilijua ni uchawi maisha yangu yote.

#6 Zamu ya Usiku

Ongeza hili, maana mtu atakuja kusema ukoo wake hauna historia: karibu theluthi moja ya wagonjwa wanazaliwa kwenye familia ambazo hazijawahi kuwa nayo. Badiliko la kinasaba limeanza kwa mtoto mwenyewe au kwa mama yake. Ndiyo maana jino na goti vina uzito sawa na mjomba.

Na APTT nayo ina mpaka wake. Mwenye himofilia nyepesi, fakta yake ikiwa asilimia 30 hivi, anaweza kutoa APTT iliyo ndani ya kiwango. Kama habari za kutokwa damu ni nzito, majibu mazuri ya APTT yasiwatulize. Fakta yenyewe ipimwe. Chini ya asilimia 1 ni kali, 1 hadi 5 ni ya kati, juu ya 5 hadi 40 ni nyepesi.

#7 Nesi Wodi ya Watoto

Kaka wa maabara, kwa heshima. Ninyi mnatukatalia sampuli kila siku. Nimemshika mtoto analia, mama analia, nimepata damu kwa taabu, halafu chupa inarudi imeandikwa "haijajaa". Mililita moja na nusu haitoshi kweli? Mashine inatumia matone.

#8 Zamu ya Usiku

Dada nesi, nakuelewa, na swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, maana nusu ya makosa ya vipimo hivi yanatokea mkononi kwa mgonjwa, kabla mimi sijaiona chupa.

Ile chupa ya kifuniko cha bluu si tupu. Ndani kuna maji kidogo, sitreti ya asilimia 3.2, iliyopimwa kwa ajili ya damu ya kiasi maalumu: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Chupa inayopokea mililita 2.7 ina mililita 0.3 za sitreti. Kazi ya sitreti ni kuikamata kalsiamu, na bila kalsiamu damu haigandi. Mimi nikipima ninarudisha kalsiamu ya kiasi kinachojulikana, ndipo saa inaanza. Ukinijazia mililita 1.5, sitreti ni ile ile lakini damu ni chache. Kalsiamu ninayoirudisha inamezwa na sitreti iliyobaki. Damu ya mtu mwenye afya kabisa inachelewa kuganda, nami naandika namba ndefu yenye uongo.

Haya nayasema kwa kuwa yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza, sehemu ambayo sitaitaja, niliipokea chupa ya mama mmoja wa Mpwapwa aliyekuwa anasubiri upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Ilijaa kama theluthi mbili. Foleni ilikuwa ndefu, nikapima. APTT sekunde 58. Upasuaji ukaahirishwa. Akarudi kwao, akauza mahindi apate nauli ya kurudi tena baada ya wiki tatu. Tulipomchukua upya, chupa imejaa hadi kwenye mstari, APTT ilikuwa sekunde 32. Hakuwahi kuwa mgonjwa wa damu. Wiki tatu zile aliishi akidhani atakufa mezani.

Kwa hiyo chupa isiyofika asilimia 90 ya mstari nairudisha, hata kama mtoto amelia. Kwa watoto omba zile chupa ndogo za bluu zinazopokea mililita 1 hivi, zipo, sitreti yake imepunguzwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Mengine dada yangu, kwa kuwa tumefika hapa. Mpira wa kufungia mkono usipite dakika moja. Ya bluu itangulie ya zambarau, kwa sababu dawa iliyo kwenye ya zambarau nayo inakula kalsiamu, na tone moja likihamia linaharibu kila kitu. Usifungue ya zambarau ukaimwagia ya bluu ili ijae. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Ukimaliza igeuze pole pole mara tatu nne, usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Usichukue kwenye kanyula iliyopitishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Na mtoto aliyezaliwa na damu nzito, au mgonjwa wa moyo wa siku nyingi ambaye hematokriti, ile sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, imepita asilimia 55, tupigie simu kwanza, kiasi cha sitreti kinabidi kipunguzwe.

Halafu joto. Oktoba hapa Dodoma jua linawaka, na sampuli ya kituo cha pembeni inakuja kwenye begi la bodaboda. Damu ya APTT ipimwe ndani ya saa 4, ikae kwenye joto la kawaida la chumba. Ya PT inavumilia hadi saa 24. Msiiweke kwenye friji mkidhani mnaitunza. Baridi inaiamsha fakta 7 na kuipoteza fakta 8, unaweza kumpa mtu ugonjwa ambao hana. Kituo chenye sentrifuji kiizungushe dakika 15, kiitenganishe plazma, plazma hiyo peke yake kiigandishe iwe barafu, ndipo isafiri.

#9 Nesi Wodi ya Watoto

Miaka sita kazini sikuwahi kuambiwa sababu ya ule mstari. Naambiwa tu "rudia". Kesho asubuhi nawaeleza wenzangu kwenye makabidhiano ya zamu.

#10 Mzee wa Pahi

Vijana, mimi ni mzee wa miaka 67, nilibadilishiwa valvu ya moyo Dar. Nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kila mwezi napimwa INR, mara 3.0, mara 1.6, mara 4.8. Daktari kijana amenikataza mlenda. Mimi ni mtu wa huku, nile ugali wa uwele na nini?

#11 Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu.

Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike ini linapotengeneza fakta 2, 7, 9 na 10. Mboga za majani ya kijani, mlenda, kisamvu, matembele, mchicha, zote zinaleta vitamini K. Ukila nyingi ghafla INR inashuka, yaani damu inaganda upesi, ukiacha ghafla inapanda, yaani inachelewa kuganda. Kwa maoni yangu kukatazwa kabisa ndiko kunakokuyumbisha, kwa sababu mwezi mmoja unatii, mwezi unaofuata umealikwa mahali na unakula bakuli zima. Wataalamu wa dawa hii wanashauri kula kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuata chakula chako. Mvua za Januari hadi Machi zikijaza mboga shambani, mwambie daktari. Kiangazi zikiadimika, mwambie pia. Zungumza naye kwa upole, usibadili dozi mwenyewe.

Hiyo 4.8 inanitisha zaidi kuliko mlenda. Mwezi ule ulimeza dawa nyingine? Flagyl na Septrin zinaipandisha INR sana, na watu hununua duka la dawa bila kutaja warfarini. Diklofenaki ya mgongo nayo ni hatari kwako.

Wenye valvu ya chuma upande wa mitrali, moja ya valvu za moyo, mara nyingi huwekewa lengo la 2.5 hadi 3.5, wengine wengi wa warfarini 2 hadi 3. Muulize daktari lengo lako ni lipi na uliandike kwenye daftari. Na ukitaka kujua hii INR imetoka wapi: PT kwa sekunde hutofautiana kufuata kitendanishi, sekunde 24 za maabara moja si sekunde 24 za nyingine. Ndiyo maana mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likaweka hesabu hii ya pamoja, ili mtu wa Pahi akipima Kondoa na akipima Dar namba zizungumze lugha moja.

#12 Mzee wa Pahi

Marahaba mwanangu. Ni kweli, nilimeza Flagyl ya tumbo siku tano. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikusema. Nimeandika kwenye daftari.

#13 Binti Iringa Road

Samahani naomba niulize hapa hapa. Ninyi mnaongelea wavulana tu. Mimi hedhi yangu ni siku tisa, nabadilisha pedi kila saa siku mbili za mwanzo, tangu nivunje ungo. Nikichubuka natoka bluu. Mama yuko hivyo, anasema ni damu ya ukoo wetu. Nina upungufu wa damu kila nikipimwa. PT na APTT zote nimeambiwa kawaida.

#14 Zamu ya Usiku

Dada, asante kwa kuuliza mbele za watu, wako wengi wanaosoma kimya kimya.

Kuna ugonjwa unaoitwa von Willebrand, kwa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyeueleza mwaka 1926 baada ya kuchunguza familia moja ya visiwa vya Åland. Ndio ugonjwa wa kurithi wa kutokwa damu unaopatikana kwa wingi kuliko yote, na unawapata wanawake na wanaume sawa. Kinachopungua ni ile protini inayozinatisha chembe sahani kwenye jeraha, na ambayo pia inaibeba fakta 8. APTT yake mara nyingi ni ya kawaida, kama yako. Inabidi ipimwe protini yenyewe, wingi wake na utendaji wake, na kipimo hicho huwezi kukipata kila mahali. Hapa Dodoma anza na daktari bingwa, aandike rufaa. Muhimbili wana kliniki ya magonjwa haya, na kwa treni ya SGR siku hizi Dar unakwenda na kurudi.

Mambo mawili ya kujua. Protini hiyo hupanda ukiwa mjamzito, ukiwa na maambukizi, hata ukiwa na hofu kubwa, kwa hiyo jibu moja zuri halitoshi, kipimo hurudiwa. Na wenye kundi la damu O huwa nayo pungufu kwa takriban robo bila kuwa wagonjwa, kwa hiyo kundi lako lijulikane kabla ya mtu kutoa hukumu. Wakati unasubiri, uliza habari za asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, kwa siku za hedhi, na vidonge vya madini ya chuma. Siku tisa za namna hiyo usizizoee. Na mama yako aende pamoja nawe.

#15 Tabibu wa Zahanati

Mkuu, niko zahanati ya ndani upande wa Bahi. Sina APTT, sina sentrifuji, umeme ni wa jua. Wagonjwa wangu wa damu isiyoganda ni walioumwa na nyoka, kifutu hasa. Una chochote cha mtu kama mimi?

#16 Zamu ya Usiku

Ninacho, na ni kipimo ninachokiheshimu sana. Kijichupa cha glasi, kikavu, kisafi. Damu mbichi ya mshipa mililita 2. Kisimamishe mezani, usikiguse, dakika 20 kwa saa. Kisha kiinamishe mara moja tu. Ikimwagika kama maji, damu haigandi, sumu imezimaliza protini. Ikisimama kama bonge, imeganda. Rudia baadaye, kwa sababu sumu huendelea kufanya kazi.

Lazima iwe glasi. Plastiki haiamshi kuganda vizuri. Na glasi iliyooshwa kwa sabuni inadanganya, utaona damu haigandi kwa mtu mzima wa afya. Kila mara chukua na damu ya ndugu aliyemsindikiza, uiweke pembeni ya ile ya mgonjwa. Ya ndugu isipoganda, tatizo ni kijichupa chako. Mguu usifungwe kamba, usichanjwe, ufungiwe gango tu na mgonjwa asafirishwe haraka kwenye dawa ya sumu ya nyoka. Na sindano ya msuli hapana, kama kwa yule mtoto.

#17 Tabibu wa Zahanati

Chupa za glasi za chanjo za zamani ninazo, ila zote nimeosha kwa sabuni ya unga. Nazitoa. Asante sana.

#18 Mama wa Kibaigwa

Kaka Zamu ya Usiku, nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, simu haikuwa na bando.

Mwanzo baba yake alikataa, akasema tunamdhalilisha mtoto mbele ya rika lake. Nikampigia mama yangu nikamuuliza juu ya yule kaka yangu nisiyemuona. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema alitoka damu siku tano baada ya jando, wakamzika asubuhi ya sita, na yeye alikuwa na mimba yangu. Nikampa simu mume wangu asikilize mwenyewe. Kesho yake ndiye aliyenunua tiketi za basi.

Nilitamka APTT kama ulivyoniambia. Nesi aliijaza chupa hadi kwenye mstari, nilikuwa naangalia. PT sekunde 13, chembe sahani 310. APTT 71. Wakachanganya na ya mtu mwingine ikarudi 33. Wamechukua nyingine ya kwenda Dar kupima fakta. Daktari amesema kaka yangu aliyebaki naye apimwe, maana aling'olewa jino mwaka juzi akalazwa, na mimi na binti zangu tufuate. Kaka anaogopa sindano lakini amekubali, anakuja Jumatano.

#19 Zamu ya Usiku

Dada, pole, na hongera kwa baba yake. Majibu ya Dar yakija yaweke kwenye mfuko wa plastiki, mtoto atembee nayo kila anakokwenda, shuleni na kwa bibi yake, na mwalimu wake aelezwe. Ikithibitika waombe wawaunganishe na Chama cha Himofilia Tanzania, hapo mtakutana na wazazi wenzenu. Dawa ya fakta inayopatikana nchini sehemu kubwa ni ya msaada kupitia shirikisho la dunia la himofilia, kwa hiyo mtoto akishaandikishwa ndipo anahesabiwa.

Kaka yako mwambie asimeze aspirini kuanzia leo, anywe maji asubuhi hiyo mshipa uonekane, na avae shati la mikono mifupi. Akishachukuliwa, abonyeze pamba dakika 10 bila kuchungulia. Jumatano niko zamu ya mchana, nitaipokea mwenyewe dirishani.